Mlango uliotangulia pesa

Picha yenyewe ninayo kwenye simu mpaka leo. Juu kuna alama ya vema ya kijani, chini yake jina la kampuni ya Nairobi, kisha shilingi 76,000, kisha namba ya akaunti ya fundi wetu, haikukosewa hata tarakimu moja. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kijivu, pana neno la Kiingereza lenye maana ya "imewasilishwa". Tuliitazama picha ile watu watatu, fundi, mwanawe na mimi, na sote tukasoma "imelipwa". Kesho yake mlango ukapakiwa chomboni.

Mimi huwaandikia hesabu mafundi na wenye maduka kadhaa hapa Lamu. Nina daftari, kompyuta ya mkononi yenye kioo kilichopasuka pembeni, na baraza ya kukaa. Fundi huyu ni mchongaji wa milango wa mtaa wa Langoni, mtu mzima aliyenizidi miaka zaidi ya thelathini, nami humwita ami. Amenipa ruhusa nikieleze kisa chake, kwa sharti kwamba nisimtaje jina na nisiifiche sehemu yangu ya lawama. Nitafanya yote mawili.

Nianze kwa kusema kwamba kisa hiki hakina mwizi. Watu wakisikia fundi kacheleweshewa pesa baada ya kutoa mali, haraka huuliza "walimtapeli vipi?" Hakutapeliwa. Mteja alitaka kulipa, pesa alikuwa nazo, na namba aliyoandika ilikuwa sahihi. Ndiyo sababu nakiona kina faida kuliko visa vya matapeli: tapeli ukishamjua umemjua, lakini hili linaweza kumkuta fundi yeyote na mteja wake mwema kabisa.

Kazi yenyewe

Mwishoni mwa Agosti alikuja dada mmoja kutoka Nairobi anayesimamia matengenezo ya nyumba ya Shela. Mwenye nyumba anaishi Ujerumani. Walitaka mlango wa nakshi wa pande mbili pamoja na miimo na vizingiti vyake, wa mbambakofi, mbao ngumu na nzito, na vitanda viwili vya samadari, vile vya nakshi. Kila kitu kiwe mahali pake kabla ya wageni wa Desemba. Bei walikubaliana shilingi 380,000: nusu iwe arbuni, yaani 190,000; asilimia 30, yaani 114,000, nakshi zikimalizika; na 76,000 zilizobaki kabla ya kupakia.

"Kabla ya kupakia" ni maneno ya fundi mwenyewe. Ankara niliandika mimi, na maneno hayo yamo.

Tuhesabu kidogo, maana bila hesabu hii uzito wa mambo hauonekani. Mbao ziligharimu kama 150,000. Vijana wawili wa kazi 60,000. Misumari ya shaba, pete na komeo 22,000. Chombo na wapagazi 9,000. Jumla 241,000. Kwa hiyo kwa kazi ya miezi karibu mitatu, jasho la fundi na nakshi ya mkono wake ni 139,000, na 76,000 za mwisho ni zaidi ya nusu ya hizo. Malipo ya mwisho ndiyo chakula cha nyumbani kwake. Arbuni na malipo ya kati ni pesa za watu: za muuza mbao, za vijana, za mwenye duka la shaba.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakumaliza yote kwa M-Pesa kama tunavyofanya siku zote. Inawezekana. Muamala mmoja unafika hadi shilingi 250,000, na laini inaruhusiwa kukaa na hadi 500,000. Lakini yule dada alitaka malipo yaonekane kwenye taarifa ya benki kwa ajili ya mwenye nyumba, na fundi naye alikuwa na hamu yake: alitaka akaunti ionyeshe mapato, kwa sababu mwaka uliotangulia aliomba mkopo wa mashine ya randa akaambiwa akaunti yake "imelala". Haja zote mbili ni za halali. Basi wakaafikiana benki.

Akaunti aliyokuwa nayo ni ya binafsi, imefunguliwa kwa majina yake matatu ya kitambulisho. Jina la karakana lilikuwa kwenye kibao cha mlangoni, kwenye fulana za vijana na, kwa bahati mbaya, kwenye kichwa cha ankara niliyoitengeneza mimi, kwa herufi kubwa za rangi ya samawati. Halikuwa limesajiliwa popote.

Malipo ya kwanza, yaliyotudanganya

Arbuni ilikuja siku ileile ya makubaliano. Yule dada alikaa kwenye kiti cha fundi, akafungua programu ya benki yake, akachagua PesaLink, akaandika namba ya simu ya fundi ambayo ilikuwa imeunganishwa na akaunti. Jina kamili la fundi likatokea kwenye kioo chake. Akasoma kwa sauti, fundi akaitikia, akabonyeza. Simu ya fundi ikalia hata kabla kahawa haijapoa.

PesaLink ni njia ya mabenki yenyewe ya Kenya, ilianza 2017, hupeleka pesa kutoka benki moja hadi nyingine papo hapo, usiku na mchana, hata siku za sikukuu, ilimradi muamala usizidi shilingi 999,999. Kwa mfanyabiashara wa mtu mmoja sioni njia ya benki iliyo bora zaidi ndani ya nchi. Lakini sifa yake hiyo ndiyo iliyotufunika macho. Kwa kuwa ilipitia namba ya simu, jina lililotumika lilikuwa la kwenye akaunti, halikuwa la kwenye ankara. Ankara haikupimwa. Sisi tukafikiri imepimwa ikafaulu.

Ndani ya saa mbili 150,000 zilishaondoka kwenda kwa muuza mbao.

Malipo ya pili, yaliyotuambia kila kitu

Nakshi zilimalizika katikati ya Oktoba. Safari hii mwenye nyumba alitaka kulipa mwenyewe kutoka Ujerumani. Hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito, na hapa nitakaa kidogo.

Swali la kwanza lilitoka kwake: fomu ya benki yake ilidai IBAN. Wazungu wa Ulaya wamezoea kwamba kila akaunti ina namba hiyo ndefu inayoanza na herufi mbili za nchi. Kenya haitumii IBAN. Anayetuma kutoka huko lazima achague malipo ya nje ya Ulaya, kisha aandike namba ya akaunti ya kawaida, jina la benki, na msimbo wa SWIFT wa benki, yaani wa mtandao ambao benki za dunia hupelekeana maagizo ya malipo, ule wa herufi na tarakimu 8 au 11. Tulizunguka siku mbili kwa jambo hilo peke yake, kwa ujumbe wa sauti unaopitia Nairobi. Sasa nimeliandika kwenye kila ankara inayokwenda nje: "Kenya haina IBAN." Maneno matatu, na huokoa siku mbili.

Pesa zikatumwa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Kila asubuhi fundi ananiuliza, "Mwanangu, zimekuya?" Siku ya nne alipigiwa simu na tawi la benki yake. Akavaa kanzu yake ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumanne, akashuka hadi barabara ya pwani. Akaambiwa pesa zimefika makao makuu ya benki lakini zimezuiwa, kwa sababu ujumbe uliokuja nazo unamtaja mpokeaji kuwa ni karakana, na akaunti hiyo si ya karakana, ni ya mtu. Je, yeye ni nani kwa karakana hiyo? Ana cheti chochote?

Hakuwa nacho. Alipeleka ankara, kitambulisho na picha ya kibao cha mlangoni. Yule karani, namsifu kwa hilo, hakumcheka. Alimweleza kwamba anayetuma aombe benki yake ipeleke marekebisho ya jina. Marekebisho yakaja. Siku ya tisa pesa zikaingia: shilingi 108,640 badala ya 114,000.

Upungufu wa 5,360 ulitoka sehemu mbili. Kwanza, ankara ilikuwa ya shilingi, mwenye nyumba akazigeuza kuwa euro kwa kiwango alichokiona kwenye intaneti, akatuma euro. Kiwango cha kwenye intaneti ni cha katikati; benki hununua euro kwa bei ya chini ya hapo. Pili, malipo ya SWIFT hupita mara nyingi kwenye benki moja au mbili za njiani kabla hayajafika, na kila moja inaweza kukata chake. Nani abebe makato huamuliwa kwa herufi tatu anazochagua anayetuma: OUR ni yeye abebe yote, BEN ni mpokeaji abebe yote, SHA ni kila mmoja wa upande wake. Yule bwana aliacha SHA kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imeshachaguliwa kwenye fomu, na hakujua kwamba kwa SHA benki za njiani humkata fundi wa Langoni. Hakuna aliyemwambia. Ankara yangu haikusema neno juu ya makato.

Nimejiuliza sana kwa nini siku hiyo hatukukaa tukasema: jina! Tatizo ni jina! Karani alitamka kwa Kiswahili fasaha kabisa. Lakini sisi tulitoka pale tukizungumzia zile 5,360. Ndiyo zilizokuwa zinauma. Fundi alisema benki za nje zina tamaa, mimi nikasema benki zote, tukaondoka tumeridhika na hasira zetu. Suala la jina tulilihesabu kuwa limekwisha kwa sababu pesa ziliingia. Na mimi, mwandishi wa hesabu, nikarudi nyumbani nikaandika ankara ya malipo ya tatu kwa kiolezo kilekile, chenye herufi zilezile za samawati.

Malipo ya tatu

Mlango ulikuwa tayari mwanzoni mwa Novemba. Kutoka Langoni hadi Shela si mbali, lakini mlango wa mbambakofi pamoja na miimo si mzigo wa kumfunga punda mgongoni. Huenda kwa chombo. Na nyumba yenyewe iko mahali ambapo maji yakipwa, chombo hukwama mbali, na wapagazi wanalazimika kutembea na mzigo kwenye mchanga uliolowa na mawe. Fundi alikataa katakata. Aliwahi kuvunjiwa kizingiti hapo. Alitaka bamvua, siku za maji makubwa, yajae alasiri mpaka chombo kigote ngazini.

Jumamosi ile ilikuwa bamvua. Maji yangejaa saa kumi na nusu hivi. Baada ya siku mbili tatu yangeanza kurudi nyuma kuelekea maji mafu, yale yasiyojaa sana, na bamvua nyingine ni baada ya wiki mbili, wakati nahodha alishakodiwa na watu wengine. Ijumaa baada ya swala fundi akampigia yule dada kumkumbusha salio. Akajibu kwamba malipo haya yatatoka kwenye akaunti ya kampuni yake, kisha yeye na mwenye nyumba watahesabiana wenyewe. Saa tisa na dakika kumi picha ikaingia kwenye WhatsApp.

"Zimetumwa, fundi. Unaweza kupakia."

Fundi alinitazama. "Waonaje?"

Nikasema, "Ami, namba ni yako. Jina la kampuni liko. Hawa si watu wa kukimbia."

Sentensi hizo tatu zote zilikuwa kweli. Jumamosi alasiri nilisimama gatini nikiutazama mlango ukishushwa umefungwa magunia, vijana wanne kila upande, fundi anatembea nyuma kinyumenyume akiwaonyesha kwa mkono kama anayeongoza jeneza.

Sasa nieleze kilichokuwa kinatokea upande wa pili, kwa jinsi tulivyokuja kukifahamu baadaye. Akaunti ya kampuni haifanyi kazi kama akaunti ya mtu. Mara nyingi mfanyakazi mmoja huandaa malipo na mwingine huyaidhinisha. Mpaka wa pili aidhinishe, hakuna hata senti iliyotoka. Yule dada aliandaa Ijumaa, akapata ile picha ya "imewasilishwa", akaituma kwa nia njema. Mwenzake wa kuidhinisha alikuwa ameshaondoka kazini. Aliidhinisha Jumatatu. Na hakuidhinisha PesaLink, kwa kuwa mfumo wa kampuni ulipangwa kupeleka malipo ya wauzaji kwa mafungu kupitia mfumo wa mabenki wa kubadilishana hundi na malipo ya mkupuo, ambao haukimbii. Jumanne likaingia fungu. Benki ya fundi ikakuta jina la karakana juu ya akaunti ya mtu, na safari hii hapakuwa na karani wa kupiga simu. Malipo ya mkupuo jina lisipolingana yanaweza kurudishwa tu. Alhamisi 76,000 zikarudi kwenye akaunti ya kampuni, na hakuna aliyezigundua huko mpaka Jumatatu iliyofuata.

Siku hizo zote mlango ulikuwa Shela, umeshasimamishwa.

Kilichogharimu si kuchelewa

Kama kisa kingeishia hapo, pesa zingetumwa upya na mimi nisingekuwa na la kuandika. Lakini kati ya Jumamosi na Jumatatu ya pili, picha za mlango zilifika Ujerumani. Mwenye nyumba akakuza picha, akaona ufa mwembamba kwenye mwimo wa kushoto, urefu wa kidole hivi. Akauliza kama ni kasoro. Fundi akasema ni ufa wa juu tu, mbao ikipata upepo wa bahari hujifungua kidogo kisha hutulia, utajazwa na hautaonekana. Huenda ni kweli. Mimi si seremala. Ninachojua ni kwamba ule ufa ulikuwapo karakanani, na fundi alikuwa amepanga kumwonyesha yule dada siku ya kupakia, waukubali pamoja au aujaze mbele yake. Siku ya kupakia yule dada hakuja, kwa sababu alishatuma picha.

Mazungumzo ambayo yangefanyika karakanani kwa dakika kumi, mlango ukiwa wa fundi, yalifanyika kwa siku kumi na mbili kwenye simu, mlango ukiwa wa mwenye nyumba. Pesa ziliporudi kwenye akaunti ya kampuni hazikuwa tena malipo yaliyokwama. Zilikuwa pesa zilizo mkononi mwa mtu mwenye malalamiko. Hakusema hatalipa. Alisema "tuelewane kwanza". Mwisho walielewana 70,000, na fundi akajaza ufa bure. Zililetwa siku ya kumi na tisa tangu kupakiwa, kwa PesaLink, kwenye namba ya simu, zikaingia ndani ya dakika moja. Fundi aliangalia simu akacheka, kicheko kisicho na furaha.

Jumla aliyopokea ni 368,640. Pengo ni 11,360. Ukiipima kwa bei yote ni karibu asilimia 3, waweza kusema ni kidogo. Ukiipima kwa zile 139,000 zilizokuwa zake ni zaidi ya asilimia 8. Ajabu ni kwamba kodi ya mauzo kwa mfanyabiashara mdogo, anayeuza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, ni asilimia 3 tangu Julai 2023, na kwa kazi ya 380,000 ingekuwa 11,400. Fundi analalamikia kodi hiyo kila mwezi ikikaribia tarehe 20. Hii nyingine aliilipa bila fomu wala risiti.

Lawama na mgawo wake

Fundi alitoa mali kabla hajaona pesa kwenye akaunti yake. Hilo ni lake, na amelikubali. Yule dada alituma picha ya kitu ambacho hakikuwa kimetoka. Hilo ni lake, ingawa naamini hakujua. Bwana wa Ujerumani alitumia nafasi aliyoikuta wazi. Simlaumu sana, nani asingeitumia?

Langu ndilo chimbuko. Ankara ni kama bahasha: unachoandika juu ndicho anachokinakili anayetuma. Yule dada na benki ya Ujerumani hawakubuni jina la karakana, walilitoa kwenye karatasi yangu. Niliweka jina lisilosajiliwa juu ya namba ya akaunti ya mtu binafsi, kwa kuwa lilipendeza. Jina la biashara ya mtu mmoja, hata likisajiliwa, halizai mtu mpya kisheria. Fundi na karakana ni kitu kimoja. Lakini mashine ya benki haijui hivyo. Inajua jina lililoandikwa kwenye akaunti na jina lililokuja na pesa, basi.

Watu wengine wameniambia suluhisho ni kusajili jina na kufungua akaunti ya biashara. Ni kweli, na fundi ameshafanya. Usajili ulipita eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa gharama ya kama shilingi elfu moja, na kwa cheti kile, kitambulisho na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, benki ikamfungulia akaunti yenye majina yake na jina la karakana kwa pamoja. Imemsaidia pia kwa jambo ambalo hatukulitarajia: zamani michango ya harusi ya mpwa wake ilikuwa ikipita akaunti moja na mauzo ya milango, na kila mwisho wa mwezi mimi na yeye tunakaa kukumbuka ipi ni ipi. Sasa mauzo yana nyumba yake. Lakini nasisitiza kwamba usajili haukuwa lazima ili kuepuka yaliyotokea. Ingetosha mstari mmoja kwenye ankara: "Mlipwaji ni", kisha majina matatu kama yalivyo benki. Mstari huo haulipiwi. Ungekuwapo, malipo ya pili yasingezuiwa, na ya tatu yangeingia Jumanne au Jumatano, kabla yule bwana hajakuza picha.

Ankara mpya ndivyo ilivyo sasa. Majina ya mlipwaji yako juu ya namba ya akaunti, makubwa kuliko kichwa. Kwa walio ndani ya nchi tunaomba PesaLink kwa namba ya simu, na kazi ikifika milioni moja tunawaambia mapema kwamba ni lazima ipite RTGS, mfumo wa benki wa malipo makubwa, ndiyo kanuni ya Kenya, wajipange na saa za kazi za benki. Kwa walio nje tunaandika bei kwa sarafu watakayotuma, tunaomba wachague OUR, na tunaomba nakala ya ujumbe wa SWIFT yenye namba ya ufuatiliaji, ile ndefu ya herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari vyake. Kwa namba hiyo karani anaweza kuuliza pesa ziko wapi. Kwa picha ya simu hana la kuuliza.

Picha bado tunazipokea, kwa adabu. Fundi hujibu "Ahsante, nasubiri kwangu". Kisha anafungua programu ya benki yake mwenyewe na kuangalia salio analoweza kulitoa. Haamini hata ujumbe mfupi unaosema pesa zimeingia, kwa sababu ujumbe wa namna hiyo mtu yeyote anaweza kuutunga, na hapa mjini wapo wenye maduka walioachiwa ujumbe wa bandia wakatoa sukari na mchele.

Lakini bamvua bado ni bamvua. Nilimuuliza: kesho ikitokea tena, maji yamejaa, nahodha anapiga kelele, picha imekuja na pesa hazijaingia, utafanyaje? Sikutarajia jibu, maana sikuwa nalo mimi.

Alinyanyuka akaenda nyuma ya karakana, akarudi na kitu kirefu kimefungwa gunia. Akakifungua nusu. Kilikuwa mfaa, ule mhimili wa katikati unaopigiliwa kwenye upande mmoja wa mlango ili upande wa pili uuegemee ukifungwa. Ulikuwa wa mlango mwingine, wa mteja wa Malindi, na mlango wenyewe ulishakwenda siku nne nyuma. Nakshi ya maua ilishuka kutoka juu hadi chini, imetiwa mafuta, tayari. Bila mfaa mlango unasimama, unapendeza kwa mbali, lakini pande mbili zinaacha mwanya katikati unaoweza kupitisha mkono, na komeo halina pa kushika.

"Huu naupeleka mwenyewe," akasema, "na misumari yake." Kwenye gunia, kwa penseli ya seremala, alikuwa ameandika jina la mteja na salio: 41,000.